Farasi Wanne kwa Chumba cha Damu

Watu wa Goma hulala na blanketi mbili, na mimi katika mji huo huo nimeoa, nimejenga na nimesomesha watoto kwa kuuza baridi. Cheka kwanza, ni haki yako. Baba mkwe wangu, mfugaji wa Masisi aliyechunga ng'ombe akiwa amevaa makoti mawili, alicheka siku nilipokwenda kuposa. Aliniuliza kazi yangu ni nini, nikamwambia ninaweka baridi ndani ya nyumba za watu. Akamgeukia binti yake.

"Josepha, huyu mutu anauzisha maji ku batu benye kuzama mu ziwa."

Hata hivyo alinipa binti. Nadhani alitaka kuona mambo hayo yataishia wapi.

Ninawaandikia ninyi mnaojifunza ufundi wa baridi sasa hivi, mnaobeba kompyuta mgongoni mahali ambapo sisi tulibeba sanduku la spana. Nimeshastaafu. Magoti yamechoka kupanda ngazi, lakini mdomo bado mzima, na kuna jambo moja nililoliona uzeeni ambalo mpaka leo nikilikumbuka ninasimama kidogo. Nitalifikia. Mzee haendi moja kwa moja, nivumilieni.

Mjini wananiita Papa Cheval. Mnajua kwa nini. Sisi huku nguvu ya kiyoyozi tunaihesabu kwa cheval, yaani farasi, kama walivyotufundisha waliosoma Kifaransa. Chumba cha kulala cheval moja, ofisi cheval mbili, basi, hesabu imekwisha. Wakati fulani nilikuwa naleta mashine mbili kutoka mpakani Bunagana, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Kijana wa zamu akasoma karatasi ya mzigo kwa sauti, neno moja moja, kisha akazunguka gari mara mbili.

"Muzee, karatasi inasema chevaux ine. Hizi nyama ziko wapi?"

Nikamwambia hao farasi wanne wamelala ndani ya masanduku. Akagonga sanduku, akasikiliza, akaturuhusu kupita. Dereva alicheka mpaka Rutshuru.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Kasereka, mtu wa Butembo, Mkatoliki aliyefanya ishara ya msalaba kila alipofungua chupa ya gesi. Yeye hakuwa na kipimo cha maana zaidi ya kiganja chake. Aliingia chumbani bila kusema neno, akaweka mkono ukutani, ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akatazama mabati. Kisha akauliza swali moja tu: "Nani banaikala humu?" Mwenye nyumba akitaja watu, yeye anawahesabu kwa kidole. Alinieleza kwamba mtu aliyekaa kimya hutoa joto kama balbu kubwa ya zamani, ile ya kuchoma vidole. Ukimwona mtu, usimwone mtu, mwone balbu. Mpaka leo nikiwa kanisani Jumapili, padri anahubiri, mimi nahesabu balbu. Mungu atanisamehe.

Jambo la pili alilonifundisha: usipime chumba asubuhi. Nyumba nyingi za zamani hapa kwetu zimejengwa kwa mawe ya volkano, yale meusi yenye matundu. Muzee Kasereka alisema jiwe hilo lina usahaulifu kidogo. Jua likilipiga mchana, halikwambii kitu. Linakaa nalo, linawaza, halafu jioni, jua limeshageuka, ndipo linakumbuka na kukutolea joto lote ndani. "Rudia saa mama za soko banatoka Birere," alisema. "Pale ndiyo ukuta inasema kweli." Nilimwamini kwa sababu alikuwa mwalimu wangu. Kwa nini iko hivyo, sikujua, na nadhani naye hakujua.

Na kwa kuwa nimetaja Birere, mtaa wetu wa soko, niwape hadithi ya Patrice, mwenye duka la simu. Jirani yake aliweka cheval mbili. Patrice akataka tatu. Nikamwambia duka lako ni dogo, moja inatosha. Akasema, "Papa Cheval, miye ni mutoto mudogo kwa ule bwana?" Basi, tatu. Mashine ikiwaka, kufumba na kufumbua duka lina baridi, mashine inajizima. Inawaka, inajizima. Haikupata nafasi ya kukausha hewa, maana unyevu hautoki kwa pupa, unatoka mashine ikifanya kazi polepole na kwa muda mrefu. Msimu wa mvua ulipofika kuta zikatoa jasho, maboksi ya simu yakalainika kama mihogo iliyochemshwa, na wateja wakawa wanaongea bei kutoka mlangoni. Mashine kubwa kupita kiasi si heshima, wanangu. Andikeni hilo mahali.

Sasa tufike.

Nilikuwa nyumbani, mtaa wa Himbi, nikimwagilia vitunguu vya Josepha, akaja Kavira. Kavira ni binti wa jirani yetu, amesomea uhandisi Kampala, mpole lakini ukimpinga bila sababu utajuta. Hospitali moja ilimpa kazi ya kupanga kiyoyozi cha chumba cha damu, pale wanapohifadhi mifuko ya damu kwa ajili ya wagonjwa. Chumba kilikuwa na joto baya. Friji za damu zilikuwa zikihema kutwa, mbili zilishakufa, na friji ikifa, damu iliyomo inatupwa. Wakubwa wa hospitali walikuwa wamesema wazi: kama mwisho wa mwezi ukifika chumba hakijapoa, friji zote zinahamishiwa kwenye kituo kingine upande wa pili wa mji, na mgonjwa akihitaji damu, italetwa kwa pikipiki.

Alikuja na Mama Riziki, mkuu wa chumba hicho, mwanamke mnene wa maneno machache. Mama Riziki alikataa kiti.

"Papa, mudogo wangu wa tumbo moja alizala, damu ikakatala kusimama. Banatuma moto, ile pikipiki, ilete damu. Moto ilifika. Yeye hakukuwa tena. Chumba yangu iko nyuma kabisa ya maternité, kule bamama banazalia. Kiwanja tu ndiyo inatutenganisha. Bisiihamishe."

Josepha alimshika mkono, akamkalisha mwenyewe.

Kavira akafungua kompyuta mezani. Ndani yake kulikuwa na programu ya kukadiria mzigo wa joto, yaani joto lote ambalo mashine italazimika kulitoa chumbani. Unaielezea chumba: urefu, upana, kuta za nini, mabati ya namna gani, madirisha yanatazama wapi, watu wangapi, mitambo gani. Inafikiri. Inakupa jibu. Jibu lilikuwa cheval nne.

"Groupe ya hospitali, ile jenereta, haiwezi kubeba cheval ine," Kavira alisema. "Ikijaribu kuwasha, itazima hata salle d'opération, kule banapasulia bagonjwa. Muzee, minahisi kuna fasi nimekosea, lakini nimetafuta nimechoka. Ndiyo maana nimekuya."

Nataka mwelewe jambo hilo vizuri. Hakuja kuniuliza kwa sababu mimi najua kuliko yeye. Alikuja kwa sababu hakuiamini namba yake mwenyewe, na hiyo ni nusu ya ufundi. Kuuliza si ujinga. Mimi hata kuigusa ile panya ya kompyuta niliogopa.

Nikamuuliza swali la kijinga. "Umeiambia tuko wapi?"

Kavira akafungua ukurasa mwingine, orodha ndefu ya miji ya dunia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kinshasa."

"Kinshasa?"

"Goma haiko mu liste, Muzee. Ya inchi yetu iko Kinshasa peke yake."

"Na Kigali?"

"Iko. Hali ya hewa yao inakaribia yetu." Akatazama vidole vyake. "Lakini hii dossier inaenda mbele ya comité. Niandike hospitali yetu iko Rwanda? Batanisomea je?"

Mama Riziki, ambaye alikuwa hajacheka tangu aingie, alicheka. Nasi tukacheka, kicheko chenye uchungu kidogo, mnaoishi huku mnakijua. Ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Tangu shule tunafundishwa kwamba kila karatasi ya serikali lazima ifike Kinshasa kwanza. Basi na joto letu nalo lilikuwa limetumwa Kinshasa kupigwa muhuri.

Matokeo yake, ile programu ilikuwa inadhani nje ya chumba cha Mama Riziki kuna joto la Kinshasa, lile la kukulowesha shati kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo iliona hewa ya nje ni adui, na dawa ni mashine kubwa.

"Inaweza kufundishwa Goma?" niliuliza.

"Inaweza. Tunaiandikia siye benyewe."

Wanangu, siku zile chache zilizofuata nilirudi kuwa mwanafunzi, na sikuwahi kufurahi hivyo tangu Muzee Kasereka anikabidhi spana ya kwanza. Kavira aliandika urefu wetu kutoka usawa wa bahari, maana hewa yetu ya juu ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko hewa ya chini. Hata jenereta huku hupumua kwa shida na kupoteza nguvu. Vipimo vya joto vya kila mwezi alivipata kwa watu wanaoishi kwa kupima hewa. Halafu tukafika kwenye kuta, na programu ikauliza: ukuta wa nini? Ilikuwa na matofali ya kila aina, saruji, mbao, granite. Jiwe la volkano hapana. Na ukuta wa chumba cha damu unaotazama machweo ni jiwe letu tupu, nene kama mkono wangu ulivyo mrefu hadi kiwiko.

Kavira alikuwa ameandika granite. Mimi nikasema jiwe letu lina matundu, ni jepesi, huwezi kulipa jina la jiwe la wengine. Alikubali, lakini jepesi kiasi gani? Tukaokota kipande uani kwangu tukaenda nacho Birere kwa Mama Feza, muuza maharage, kwa sababu mizani yake haibishiwi. Mama Feza alitazama jiwe, akanitazama mimi.

"Papa Cheval, umeacha kazi, na retraite imekuwa mubaya hivi? Leo unauzisha majiwe?"

"Pima tu, Mama."

"Nitapima, lakini silinunui. Jiwe haliivi."

Tukapima jiwe likiwa kavu, kisha tukalifunga kwenye plastiki na kulizamisha kwenye ndoo iliyojaa hadi ukingoni, tukapima maji yaliyomwagika ili tujue ukubwa wake. Watu walijaa. Wengine walidhani tunatafuta dhahabu. Kavira akaandika namba zile, mvua ikianza, na wote wawili tumelowa tunacheka.

Alipoziingiza nyumbani kwangu, ndipo nilipoona kile nilichotaka kuwaambia.

Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa joto la chumba kwa siku nzima, unapanda na kushuka kama mgongo wa kilima. Pamoja na granite, kilele chake kilikuwa mahali pake. Kavira akafuta granite, akaandika jiwe letu, akabonyeza. Kile kilima kilisogea. Niliona kwa macho yangu kikiondoka mahali kilipokuwa na kwenda jioni, polepole, na kutulia kwenye saa ile ile ambayo mama za soko wanatoka Birere.

Nilisimama. Josepha akauliza kama naumwa. Muzee Kasereka alizikwa Butembo miaka mingi imepita, kiganja chake ni udongo, na mashine iliyotengenezwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina lake ilikuwa inasema maneno yake. Ukuta unakumbuka. Halikuwa fumbo la mzee, ilikuwa kweli tupu, na kumbe ilikuwa na umbo, na unaweza kuliona! Machozi yalinitoka mbele ya binti wa jirani na sikuona haya.

Halafu Kavira akanionyesha jua. Ile programu ikishajua uko wapi duniani, inachora njia ya jua juu ya paa lako mwaka mzima. Nikaona kwamba hapa kwetu jua la mchana miezi fulani hupita upande wa Rutshuru, kaskazini, na miezi mingine hupita upande wa Bukavu, kusini, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri huhama kutoka upande mmoja wa nyumba kwenda wa pili. Nimeishi chini ya jua hilo maisha yangu yote. Nimepanda juu ya mabati ya mji huu kuliko paka. Sikuwahi kuliona. Nilitoka uani nikatazama juu kama mtoto, nikajiuliza ni mangapi mengine yanapita juu ya kichwa changu kila siku bila mimi kusalimia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ile programu ilikuwa mgeni asiyejua Goma, na tulipomtembeza vizuri alitupa zawadi ya tatu. Kavira aliigawanya hesabu ya joto kwa rangi: jua, mabati, watu, mitambo. Rangi kubwa kuliko zote ilikuwa ya friji zenyewe. Friji haiui joto, inalitoa kwenye mfuko wa damu na kulitapika mgongoni mwake. Friji za chumba kile ziliegemea ukuta, zinatapika chumbani, chumba kinapata moto, zinahema zaidi. Hospitali ikiona joto, inaongeza friji ya akiba. Mama Riziki alipoelezwa alishika mdomo.

"Kumbe benyewe ndiyo banajichoma!"

Mimi nimefungua migongo ya friji maisha yangu yote, na chumba kile nilikuwa nimekiingia zaidi ya mara moja. Nililaumu mabati.

Baada ya hapo dawa ilijileta. Hewa ya nje ya Goma si adui kama ya Kinshasa, karibu kila saa ina baridi kuliko chumba kile. Tulivuta friji mbele, tukajenga kizuizi cha mbao kinachotenga migongo yake na chumba, tukatoboa matundu ukutani, chini na juu, ili migongo ipumulie nje. Tukaweka wavu mwembamba kwa ajili ya vumbi letu jeusi, na ninyi mkifanya hivyo muuoshe kila wiki, wavu ulioziba ni ukuta. Tukaweka dari nene chini ya mabati. Kavira akairudia hesabu. Cheval moja na nusu. Jenereta ingeibeba ikiimba.

Mkuu wa ile comité, yaani kamati ya hospitali, hakuamini. "Jana ine, leo moja na nusu? Kesho mutatuambia mupepee na gazeti?" Akatoa ruhusa kwa shingo upande, na sharti: siku ya majaribio, chumba kikivuka digrii ishirini na tano hata kidogo, gari la kuhamisha friji linakuja kesho yake.

Hayawi hayawi, huwa. Siku hiyo jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Umeme wa mji ulikatwa pale hospitali makusudi, jenereta ikawashwa. Chumba cha upasuaji hakikuzimika. Tulikuwa tumebanana chumbani, mimi, Kavira, Mama Riziki na mkuu wa kamati, na nikawaambia kimya kimya balbu zimezidi, mmoja atoke. Hakuna aliyetoka. Mchana joto lilikaa chini. Mkuu wa kamati akavaa kofia yake. "Félicitations, hongera, nimeona."

"Bado, Papa," Kavira alisema. "Ukuta haijasema."

Tukangoja. Jua likaingia nyuma ya nyumba za Himbi. Nikaweka kiganja kwenye jiwe, na jiwe likaanza kukumbuka, pole pole, kama lilivyofanya enzi za Muzee Kasereka. Kipimajoto kikapanda. Ishirini na tatu. Mama Riziki alikuwa amefumba macho, midomo inasali. Ishirini na nne. Kavira alikuwa na ule mstari wake kwenye kioo, kilele chake kinaonyesha namba hiyo hiyo. Sindano ya kipimajoto ikatetemeka kidogo, kisha ikakaa. Ikakaa kabisa. Halafu ikaanza kushuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa kamati alivua kofia tena, sijui kwa nini, kama mtu aliyeingia kanisani.

Kavira akafungua ile orodha ya miji ya dunia ili nione. Kati ya Genève na Hanoï kulikuwa na neno jipya, herufi nne. Goma. Nililigusa kwa kidole kwenye kioo, akanigombeza kwamba ninaacha alama.

Wakati huo dirisha dogo la upande wa maternité likagongwa kwa nguvu. Alikuwa muuguzi, jasho usoni.

"Mama Riziki! Iko mama anapoteza damu. O positif, mbili, mbio!"

Mama Riziki alifumbua macho. Alifungua friji, akasoma, akasoma tena, akapitisha mifuko miwili dirishani. Muuguzi akakivuka kile kiwanja mbio, viatu vikipiga kokoto nyeusi, mlango wa maternité ukafunguka ukafungwa. Mama Riziki alibaki amesimama, mikono bado imenyooka nje ya dirisha.

Nilimkumbuka mdogo wake, nikatega sikio nisikie pikipiki ikiwashwa. Hakuna pikipiki iliyowashwa.